Kichujio Kwanza, Pampu Baadaye: Misimu Mitatu ya Bwawa la Nyumbani

Bwawa lenyewe ni la mviringo, upana wa futi 24, kuta za bati za inchi 52, limesimama juu ya ardhi nyuma ya nyumba mjini Houston, Texas. Likijaa, maji yana kina cha futi 4. Lilinunuliwa kama seti: kuta, plastiki ya ndani, ngazi, pampu ya hospawa moja na nusu na kichujio cha mchanga chenye tangi la inchi 18. Dukani walisema vyote vimepangwa kufanya kazi pamoja. Havikuwa hivyo. Ilichukua misimu mitatu kulijua kosa, na pesa zilizopotea njiani zingetosha sehemu kubwa ya vifaa sahihi.

Waswahili wengi tulioko Marekani tumeanza kununua mabwawa haya, na kila ifikapo Mei swali ni lile lile: maji yana ukungu, niweke dawa gani? Mara nyingi dawa siyo tatizo. Tatizo ni pampu na kichujio ambavyo havikupaswa kuoana.

Msimu wa kwanza maji hayakuwa ya kijani wala hayakunuka. Yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Ukisimama ukingoni unaona sakafu, lakini mikunjo ya plastiki huioni. Vipimo vyote vilikuwa sawa: klorini sehemu 3 kwa milioni, pH 7.4, alkalini 100. Hata hivyo zikanunuliwa chupa tatu za dawa ya kugandisha vumbi, dola 18 kila moja, halafu dozi kubwa ya klorini mara mbili, kisha mchanga mpya, mifuko mitatu ya pauni 50. Kila kimoja kilisaidia siku mbili, maji yakarudi vile vile. Karibu dola 130 zilikwenda hapo bila kugusa chanzo.

Kilichofungua macho ni soksi nyeupe. Ilivalishwa kwenye tundu la maji yanayorudi bwawani, ikafungwa kwa mpira wa bendi, pampu ikaachwa ifanye kazi saa moja. Ilipovuliwa ilikuwa na utando wa tope la kijivu, laini kama unga, na ndani ya tope punje chache za mchanga. Maana yake kichujio kilikuwa kinapitisha vumbi moja kwa moja. Punje hizo pekee zingeweza kutoka kwenye kidole kilichopasuka, yaani kile kijibomba chenye mianya myembamba kilichoko chini ya tangi, kwa hiyo vidole vikakaguliwa kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima.

Juu ya mchanga ndiko kulikuwa na habari yenyewe. Badala ya uso uliolala sawasawa, kulikuwa na matundu yaliyoshuka chini, kama mashimo ya kaa ufukweni maji yanapokupwa, na pembeni yake mabonge ya tope lililoshikana na mchanga. Maji yalikuwa yameshajichimbia njia zao. Na mwisho wa mpira wa kutolea maji machafu, kwenye majani, kulikuwa na kilima kidogo cha mchanga mweupe safi. Kila tangi liliposafishwa, mchanga wa kichujio ulikuwa unatupwa nje pamoja na uchafu.

Sababu inaeleweka ukijua mchanga unavyofanya kazi. Si wavu. Punje za mchanga wa kichujio zina upana wa milimita 0.45 hadi 0.55, na vumbi linalokamatwa ni dogo kuliko nafasi zilizo kati ya punje. Linakamatwa kwa sababu maji yanapita taratibu, yakipinda huku na huku, na vumbi linapata wakati wa kunasa. Ukiyasukuma kwa nguvu, vumbi linapenya hadi chini, na baadaye mchanga wenyewe unachimbwa. Ndiyo maana wauzaji wanaposema pampu kubwa husafisha haraka, wanakuambia jambo lililo kinyume kabisa cha linalotokea ndani ya tangi.

Kipimo ni hiki: maji kiasi gani yanapita kwa dakika kwenye kila futi ya mraba ya uso wa mchanga. Vibandiko vya Marekani huandika GPM, yaani galoni kwa dakika, na galoni moja ya huku ni lita 3.785, kwa hiyo nitabaki na galoni. Kwa kichujio cha mchanga cha nyumbani mwisho ni GPM 20 kwa futi ya mraba. Maji yanayong'aa utayapata kwenye 15 kushuka chini. Uso wa mchanga unaupata kwa kuzidisha nusu ya upana wa tangi kwa yenyewe, halafu kwa 3.14. Tangi la inchi 18: 9 mara 9 mara 3.14 ni inchi za mraba 254; gawanya kwa 144, unapata futi za mraba 1.77. Basi kichujio kile kilikuwa kinahimili GPM 35 tu, na kwa raha yake 26 hivi.

Pampu ilikuwa inasukuma ngapi? Hapa ndipo wengi hukisia, na hakuna haja. Bwawa lenyewe ni kipimo. Lenye upana wa futi 24, sawa na mita 7.3, lina uso wa karibu mita za mraba 42, hivyo maji yakishuka sentimita 1 umetoa lita 420. Siku isiyo na upepo, gundisha rula kwenye ukuta kwa ndani, hakikisha maji yako juu ya nusu ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani ambalo pampu huvutia maji, ili pampu isivute hewa, weka valvu ya kichujio kwenye nafasi ya kusafisha ili maji yatoke nje, na shika saa. Sentimita 2 zilishuka kwa dakika 4 na sekunde chache. Lita 840 kwa dakika 4 ni lita 208 hivi kwa dakika, sawa na GPM 55. Ugawe kwa 1.77, unapata 31 kwa kila futi ya mraba. Mara moja na nusu ya kiwango cha mwisho kabisa.

Mpira unaoleta maji kwenye pampu nao ulikuwa unalalamika. Ndani ya mpira wa inchi moja na nusu, GPM 55 ni maji yanayokimbia karibu mita 3 kwa sekunde. Kwa upande wa kuvuta, mita 1.8 ndiyo inatakiwa isipitwe, yaani chini kidogo ya GPM 35 kwa mpira wa upana huo. Ule mlio wa changarawe uliokuwa unasikika ndani ya pampu haukuwa ubovu wa beringi. Ilikuwa ni pampu inayodai maji mengi kuliko mpira unavyoweza kuleta.

Na yote hayo ya nini? Hesabu ya ujazo wa bwawa la mviringo ni upana mara upana mara kina mara 5.9, vyote kwa futi: 24 mara 24 mara 4 mara 5.9, karibu galoni 13,600, lita 51,000. Ukitaka maji yote yapite kwenye kichujio mara moja ndani ya saa 8, gawanya kwa dakika 480. Unapata GPM 28. Bwawa lilikuwa linaomba 28 na kupewa 55.

Kama uko katika hali hiyo sasa hivi na mfuko umekauka, kuna nafuu ya bei ya valvu moja. Iunganishe kati ya pampu na kichujio, kamwe si upande wa kuvuta, kwa maana ukiibana pampu upande huo itavuta hewa na kujitafuna. Anza na mchanga safi, soma geji ya tangi valvu ikiwa wazi, kisha ibane taratibu. Presha hupungua kwa mraba wa mtiririko. Geji hii ilikuwa inasoma PSI 17, yaani pauni 17 kwa kila inchi ya mraba, kwenye GPM 55. Ili ishuke hadi 35, 35 gawanya kwa 55, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha mara 17, unapata 7 hivi. Valvu ikabanwa mpaka geji ikasoma 7, ikawekwa alama ya rangi, na ndani ya siku nne mikunjo ya plastiki ikaonekana. Umeme unaopotea unabaki pale pale karibu wote, lakini maji yanasafika. Na wakati wa kusafisha kichujio iache imebanwa vile vile, la sivyo mchanga utaendelea kuishia majanini.

Msimu wa pili ndio ninaotamani kila mtu ausome kwa makini, kwa sababu kosa lake lilifanywa kwa akili timamu na hesabu mkononi. Kama tangi dogo na pampu kubwa ni ubaya, basi tangi kubwa na pampu ndogo ni salama. Hivyo ndivyo wengi wanavyoshauri. Likapatikana tangi la inchi 24 lililotumika, dola 150, na pampu ya robo tatu ya hospawa, dola 190. Uso wa mchanga ulikuwa futi za mraba 3.14, pampu ikitoa GPM 35. Hiyo ni 11 kwa futi ya mraba. Wiki tano za kwanza maji yalikuwa mazuri kuliko wakati wowote.

Halafu geji ikaanza kupanda bila kushuka. Ikiwa na mchanga safi ilisoma 6. Baada ya kusafishwa mara ya kwanza ikarudi 8, mara ya pili 10, mara ya tatu 13. Maji yaliyotoka kwenye mpira wa uchafu yalikuwa ya rangi ya chai kwa sekunde ishirini, kisha meupe, ukadhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kusafisha kichujio, wanachokiita mafundi bekiwoshi, ni kuyarudisha maji kinyume yaingie kutoka chini, yaunyanyue mchanga wote hadi uelee na punje zisuguane. Kuunyanyua kunahitaji GPM 15 hadi 20 kwa kila futi ya mraba. Tangi lile lilihitaji si chini ya 47, na pampu ilikuwa na 35. Mchanga haukunyanyuka. Maji yalikuwa yanapenya tu kati ya punje na kuchukua vumbi la juu, uchafu wa chini unabaki na kukomaa. Kufikia Agosti tangi lilipofunguliwa, nusu ya chini ilikuwa imeshikana kiasi cha kuhitaji mwiko kuivunja, ikinuka kama mfereji. Pauni 300 za mchanga zikatolewa kwa kikombe, kwa uangalifu, maana vidole vya chini huvunjika ukivigonga. Hiyo ni kazi ya siku nzima juani.

Basi kichujio kina mipaka miwili. Kwa juu, pampu isizidi 20 kwa futi ya mraba. Kwa chini, wakati wa bekiwoshi, isipungue 15. Pampu ya kasi moja inabaki na upenyo mwembamba sana katikati, kati ya 15 na 20, ambao hauko kwenye eneo tamu la kuchuja. Pampu ya kasi mbili ndiyo inayokutoa hapo: kasi kubwa ya kusafishia, kasi ndogo ya kuchujia.

Msimu wa tatu ukaanza kwa kalamu na karatasi. Tangi la inchi 22, uso futi za mraba 2.64. Mara 15 ni 40, mara 20 ni 53. Pampu iliyotafutwa ikawa ile inayotoa kati ya 40 na 53 kwenye ukinzani halisi wa njia hii ya maji, yaani mipira na kichujio vinavyoyapinga, na ikapatikana ya hospawa moja, kasi mbili. Kwa rula na saa, kasi kubwa ilipimwa GPM 45, sawa na 17 kwa futi ya mraba. Kasi ndogo 22, zaidi kidogo ya 8. Ikizunguka saa 12 kwa kasi ndogo inapitisha galoni 15,800, zaidi ya bwawa zima. Tangi na valvu yake ya njia sita lilikuwa dola 380, pampu 330, mchanga mifuko mitano dola 60. Dola 770 kwa jumla. Seti ya kwanza ukiondoa kuta na plastiki isingekuwa mbali na hapo.

Unapochagua pampu usisome hospawa peke yake. Kwenye kibandiko cha mota kuna herufi SF, yaani nguvu ya ziada ambayo mota inaweza kubeba, na namba pembeni. Zidisha hospawa kwa namba hiyo ndipo ujue nguvu kamili. Mota ya hospawa 1 yenye SF 1.65 na ya hospawa 1.5 yenye SF 1.1 ni mota zenye nguvu ile ile, ila ya pili inauzika kwa bei ya juu. Kinachokuambia ukweli ni grafu ya pampu, ambayo kila mtengenezaji anayejiheshimu huitoa. Ili uisome unahitaji ukinzani: presha ya geji mara 2.31 inakupa futi, ongeza futi 3 hadi 5 za upande wa kuvuta. Geji ikisoma 12 ni futi 28, na nyongeza zinafika 32 hivi. Tafuta 32 pembeni mwa grafu, fuata mstari, utaona GPM. Duka lisiloweza kukupa grafu hiyo, nenda jingine. Na kwenye kichujio tafuta namba mbili: uso wa kuchujia na mtiririko wa mwisho. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza ukapata zaidi ya 20, kibandiko kinakuvutia upande wa muuzaji.

Kuna jambo moja la geji ambalo pampu ya kasi mbili hubadilisha, na watu huunguza wiki nzima kwa kutolijua. Kanuni ya kawaida ni kusafisha presha inapopanda 8 hadi 10 juu ya ile ya mchanga safi. Kasi ikipungua nusu, presha inabaki robo. Kwenye kasi ndogo geji hii inasoma 3; ukingoja ifike 11 utangoja mpaka kichujio kizibe kabisa. Isome kwenye kasi kubwa tu. Hapa safi ni 12, na bekiwoshi ni ikifika 20.

Bekiwoshi yenyewe: zima pampu kwanza, kila mara, kabla ya kugusa mkono wa valvu, kwa kuwa ukiugeuza maji yakiwa yanasukumwa unaukata mpira wa ndani wenye umbo la buibui, na tangu hapo maji yatavuja kwenda njia ya uchafu bila wewe kuona. Geuza, washa kwa kasi kubwa, dakika 2 hadi 3 mpaka kioo kidogo pembeni kiwe cheupe. Zima. Weka nafasi ya suuza, sekunde 30, zima tena, rudisha kwenye kuchuja. Ukiruka suuza, vumbi lililobaki chini linarudi bwawani kama wingu, na utadhani kichujio kimeharibika.

Umeme ulileta furaha ambayo haikutarajiwa. Pampu ya kwanza ilivuta kilowati 1.4, kwa saa 8 ni uniti 11 kwa siku, na kwa senti 15 kwa uniti, dola 50 kwa mwezi. Hii ya sasa kwa kasi ndogo inavuta wati 350. Saa 12 ni uniti 4.2, dola 19 kwa mwezi. Kwa nadharia nusu ya kasi ni moja ya nane ya nguvu, lakini mota za kasi mbili hazifiki huko, robo ndiyo ya kutegemea. Soketi iwe na kinga ya GFCI, ile inayokata umeme papo hapo ukivuja, na iwe angalau futi 6 kutoka ukuta wa ndani wa bwawa, na usitumie waya wa kuunganishia. Hilo halina mjadala, watoto wako ndani ya maji.

Kwa wanaotuma vifaa nyumbani kwenye kontena: tangi na valvu vitume bila wasiwasi, pampu iache. Tanzania na Kenya umeme ni wa hezi 50, wa huku ni 60, na transfoma hushusha volti tu, hezi haibadilishi. Mota ya mizunguko 3,450 kwa dakika itazunguka 2,875 hivi, ikipata joto kupita kiasi kwa volti zile zile 115, na mtiririko utashuka hadi tano ya sita. Pampu hii inayotoa 45 hapa Houston ingetoa 37 Tanga. Kwenye tangi la inchi 22 hiyo ni 14 kwa futi ya mraba, mchanga haunyanyuki, na Agosti utaukuta umeshikana chini ya tangi. Nunua pampu huko huko, ya hezi 50, ukiwa na namba zako mbili mkononi: 40 na 53.